Chai ya asubuhi kwenye mesi: hamri lako ni la karai la ngapi?

Ubao wa mlangoni umeandikwa "Bwalo la Chakula", na hakuna mtu hata mmoja anayeliita hivyo. Ni mesi. Na kula asubuhi hapa Malindi ni kunywa chai, hata kama chai yenyewe hukuigusa, ukala mhogo kwa samaki ukaondoka. Mwanafunzi wa bara anayeambiwa "twende tukanywe chai", akadhani ni kikombe kitupu na kukataa kwa adabu, ajue atakaa na njaa mpaka adhuhuri.

Haya nayaandikia wanaoingia mwaka wa kwanza, na wale wa mwaka wa tatu ambao bado wananung'unika kila siku kwamba mahamri magumu, mbaazi maji matupu, chai chungu. Malalamiko yote matatu yana sababu, na sababu karibu zote ni za saa. Ndani ya jiko moja kuna saa tatu, ya karai, ya sufuria ya mbaazi na ya birika, na hazipatani.

Nianze na karai.

Chukua mesi ya wanafunzi 200, kila mmoja mahamri matatu. Hayo ni 600. Kilo moja ya unga wa ngano hutoa matonge manane. Kila tonge likisukumwa duara na kukatwa pande nne unapata mahamri 32. Kwa 600, basi, ni kilo 19 za unga. Sukari robo kilo kwa kila kilo ya unga, yaani kilo tano kasoro kidogo. Hamira vijiko viwili vya chai kwa kilo, iliki iliyotwangwa usiku huohuo (ya pakiti iliyokaa wazi haina kazi), na tui nusu lita kwa kilo, jumla lita tisa na nusu. Nazi moja kubwa, ikakunwa na kukamuliwa kwa maji kidogo, inatoa tui kama theluthi ya lita. Piga hesabu: nazi 28, pengine 30.

Sasa nani atakaa juu ya mbuzi ya kukunia akune nazi 30 kwa ajili ya mahamri, na mbaazi bado nazo zinangoja nazi zao? Hapo ndipo tui linapozimuliwa. Mpishi mwenye huruma huongeza maziwa. Asiye nayo huongeza maji. Hamri la maji utalijua likishapoa: linakauka haraka, ukilipasua linakatika kama mkate wa jana, na harufu ni iliki peke yake. Hamri la tui, mafuta ya nazi yamelainisha unga, hubaki laini mpaka alasiri. Kwa hiyo ukila hamri gumu usikimbilie kumlaumu mkandaji. Huenda alikanda vizuri sana na alipewa nazi kumi.

Karai la kawaida la mesi linabeba mahamri 15 kwa mkupuo, na kila mkupuo unachukua kama dakika tatu. Ni matano kwa dakika. Mia sita yanataka saa mbili nzima, bila mpishi kupumzika wala kuni kusuasua. Akianza saa 11 alfajiri, anamaliza saa 1. Mlango unafunguliwa saa 12 na nusu. Maana yake, mlango unapofunguliwa tayari kuna mahamri 450 yaliyokwisha kutoka, na yale ya kwanza yana umri wa saa moja na nusu.

Yamekaa wapi muda wote huo? Kwenye ndoo yenye kifuniko. Hamri la moto likifunikwa hutoka jasho. Mvuke hauna pa kwenda, unarudi kwenye ganda, ganda linalowa, na la chini linabanwa na uzito wa yaliyo juu yake. Ndiyo yale mahamri bapa, yenye kungʼaa, yanayoshikana ukiyavuta. Na anayegawa lazima aanze na ndoo, kwa sababu ya kwanza yasipoisha kwanza yatabaki mpaka saa 2. Hana kosa. Lakini matokeo yake ni kwamba aliyewahi mlangoni kuliko wote ndiye anayekula hamri la zamani kuliko yote.

Dawa yake si kuchelewa. Ni kuomba, na kuomba kwa adabu. Usifike dirishani ukanyoosha sahani na kusema "nipe ya moto". Anza na sabalkheri, uulize hali, kisha: "Mama, naomba mawili ya ndoo na moja la kikapu." Kikapu ndiko yanakoingia yanapotoka karai, yakichuja mafuta. Ombi la namna hiyo linampunguzia mzigo wa ndoo na wewe unapata lako. Anayedai matatu yote ya kikapu anakataliwa, na ni haki yake kukataliwa.

Lisilofura je? Hapa watu husema "hamira mbovu" na kufunga mjadala. Hamira ikiwa mbovu, mahamri yote 600 yatalala, si lako tu. Hamri moja moja lisilofura kwa kawaida limesukumwa jembamba upande mmoja, au lilikauka ngozi likisubiri zamu. Vipande vilivyokatwa vinatakiwa vifunikwe kwa kitambaa na kuumuka dakika 15 hadi 20 kabla ya kuingia karai; vikiachwa wazi karibu na dirisha wakati wa kusi, upepo unavikausha juu, na ngozi kavu haitanuki. Sababu ya tatu ni mafuta ya baridi. Mpishi hutupa kidonge cha unga: kikizama na kuibuka papo hapo na mapovu, mafuta tayari, kikikaa chini, bado, kikigeuka kahawia kabla hujameza mate, yamepita. Kwenye mafuta ya baridi hamri halifuri na linakunywa mafuta kama sifongo. Ukilibana likaacha alama kwenye kidole, ndilo hilo. Na mkaangaji mjuzi hamwachii hamri kazi yote: linapoibuka tu anarushia mafuta ya moto mgongoni kwa upawa, lifure upande wa pili kabla halijageuzwa.

Uchachu nao una majira yake. Unga uliokandwa saa 4 usiku mwezi Julai, kusi ikivuma, utaufikia alfajiri umeumuka sawasawa. Kanda unga huohuo kwa hamira ileile mwezi Machi, kaskazi imekata na usiku hauna hata kipepeo cha upepo, na saa 8 utakuwa umemwagika nje ya beseni ukinuka kama tembo la jana. Mahamri yake yanatoka na mapovu madogo juu, rangi haishiki vizuri kwa sababu hamira imekula sukari, na ulimi unahisi ukali. Wapishi waliozaliwa hapa hupunguza hamira nusu wakati wa joto, au hulala kwanza wakakanda saa 9 usiku. Ukiona mesi imebadilisha mpishi mwezi wa pili, na mpishi mwenyewe katoka mahali pa baridi, vumilia wiki moja.

Mbaazi ni habari ndefu zaidi, na hazisameheki.

Kwa watu 200 zinatosha kilo kumi kavu, gramu 50 kwa mtu, ambazo zikiiva zinazidi mara mbili. Zinalowekwa baada ya isha. Maji ya kulowekea yanamwagwa, hayapikiwi. Ndiyo yenye sehemu ya gesi inayowasumbua watu darasani saa 4. Moto unawashwa saa 9 usiku na mbaazi zinatakiwa kuvunjika kwa vidole ifikapo saa 11.

Kinachoharibu ratiba hii ni maji. Malindi tunapata maji ya bomba kutoka Baricho, kando ya mto Sabaki. Bomba likikauka, jiko linageukia kisima, na visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe: maji yana chokaa, na kadiri unavyokaribia bahari yana chumvi pia. Chokaa inakaza ganda la mbaazi. Zinachemka, zinachemka, hazivunjiki. Saa 11 inafika, na mpishi anafanya moja kati ya mawili. Anatia magadi, au anazipakua hivyo hivyo.

Za magadi utazijua: maganda yamepasuka na kuelea, ndani ni uji, na nyuma ya ulimi kuna ladha ya sabuni. Magadi kidogo mno hayaumizi mtu, ila yanapunguza vitamini, hasa ile ya B1 ambayo mbaazi zilikuwa nayo nzuri. Zisizo na magadi utazisikia kwa meno. Kama chuo kina tangi la maji ya mvua, mbaazi ndizo zinazostahili maji hayo kabla ya chai, kabla ya uji, na kabla ya gari la mkuu wa chuo kuoshwa.

Mbaazi zikiiva ndipo tui linapoingia, kwa awamu. Kasimile, lile zito la kwanza, linawekwa kando. Chicha, yaani nazi iliyokwisha kukamuliwa, linaongezwa maji, linakamuliwa tena kwenye kifumbu cha kuchujia mara ya pili na ya tatu. Tui hilo jepesi ndilo linalopikiwa mbaazi na kitunguu, pilipili mbichi, manjano kidogo na chumvi mpaka likaribie kukauka. Kasimile huja mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, sufuria wazi, mwiko haukomi. Likianza tu kutokota, epua. Likiachwa lichemke kwa nguvu linakatika: mafuta yanajitenga juu, chembe nyeupe zinabaki chini. Halidhuru, lakini ule utamu wa kujipaka ulimini umekwisha. Kwenye sufuria ya lita 50 juu ya kuni kosa hili ni rahisi mno, maana huwezi kuzungusha kitufe. Unavuta magogo, na makaa bado yanaendelea. Mpishi mzoefu huvuta magogo dakika kumi kabla ya kutia kasimile. Anayeanza huyavuta baada ya kuona mafuta. Ndimu au ukwaju, kama vinatumika, ni mwisho kabisa, kwa sababu uchachu ukitangulia mbaazi haziivi.

Halafu kuna siasa ya upawa. Kwenye sufuria kubwa mbaazi huzama na tui huelea. Anayegawa kwa haraka anachota juu, kwa hiyo wa kwanza wanapata mchuzi na mbaazi za kuhesabu, wa katikati wanapata vizuri, wa mwisho wanapata rundo zito lenye harufu ya kuungua. "Nikorogee kidogo, mama" ni maneno matatu yanayobadilisha sahani yako na ya walio nyuma yako. Moshi ukishapanda kutoka chini, hata hivyo, kukoroga kunaueneza sufuria nzima. Hapo kaa kimya, ule ya juu.

Na mbaazi za nazi zilizobaki asubuhi zisionekane tena usiku, isipokuwa zilikaa kwenye friji. Kwa joto letu, tui linachacha ndani ya saa chache. Mapovu madogo pembeni, kamasi unapoinua kijiko, harufu kama ya maziwa yaliyoganda: weka sahani chini. Kuambiwa "zimechemshwa tena" si hoja, kwani moto unaua vijidudu lakini hauondoi kila sumu waliyokwisha kuiacha.

Birika nalo lina saa yake. Chai ya watu 200, mililita 300 kwa kikombe, ni lita 60. Mesi nyingi hutia maziwa robo, yaani lita 15. Majani nusu kilo. Sukari kilo tatu hadi nne, na hii hutiwa jikoni, kwa hiyo usiongeze kabla hujaonja. Kosa la kwanza ni tangawizi. Tangawizi mbichi ina kitu kinachokata maziwa, na moto ndio unaokivunja nguvu. Inatakiwa itwangwe na kuchemshwa na maji peke yake dakika kumi, kisha majani, kisha maziwa. Zikitiwa pamoja kwa haraka, unapata chai yenye mabonge meupe, na uvumi unaenea kwamba maziwa yalikuwa ya jana. Kosa la pili ni kuacha majani ndani. Chai iliyochujwa saa 12 na nusu ikawekwa kwenye chupa kubwa itakuwa vilevile saa 2. Isiyochujwa, ikabaki juu ya makaa, saa 1 na nusu tayari ina ukakasi wa kukunja uso. Mesi yako haichuji? Basi chai ni ya mapema, au kunywa strungi, chai isiyo na maziwa.

Utando unaongʼaa juu ya strungi si uchafu wa kikombe. Ni chokaa ileile ya kisima. Kamulia ndimu, unapotea.

Kwa hiyo hamri linataka usubiri, chai inataka uwahi, mbaazi zinataka uwe wa katikati. Kwa mlango wa saa 12 na nusu na darasa la saa 2, dakika nzuri ni saa 1 kasoro kumi. Waliotoka msikitini alfajiri wameshakaa, karai bado linafanya kazi, sufuria imeshuka theluthi, chai haijakasirika. Kuanzia saa 1 na robo foleni inafika uani, na mtandao wa simu unachelewa kwa kuwa kila mtu analipa kwa M-Pesa dakika ileile. Ujumbe usipoingia unasimamishwa kando, na hamri lako linapoa mbele ya macho yako. Beba sarafu, au nunua kuponi jioni kama zipo.

Uji nauweka hapa kwa ufupi, kwa sababu ukiwa mzuri hauna la kusema. Gramu 100 za unga wa wimbi kwa lita moja, uvurugwe kwanza na maji baridi, umiminwe kwenye maji yanayochemka, ukorogwe, uchemke dakika kumi baada ya kuwa mzito. Mabonge ni unga uliotupwa mkavu kwenye maji ya moto. Uji unaonata kooni ni unga usioiva. Mayai ya kuchemsha: yenye mstari wa kijani kuzunguka kiini yamepita muda kwenye moto, hayajaoza. Mhogo wa kuchemsha ukiwa mchungu, acha. Mhogo mchungu una sumu inayotaka kumenywa, kulowekwa na kuchemshwa sufuria ikiwa wazi, na mesi yenye haraka haifanyi yote hayo.

Jambo moja kwa wenye damu pungufu, na hasa wasichana. Mbaazi zina madini ya chuma, lakini chai ya majani ikinywewa pamoja nazo inayazuia yasiingie mwilini. Kunywa uji au maji na mbaazi, kamulia ndimu juu, chai ije saa moja baadaye. Ni agizo gumu kwa mtu wa Pwani, najua. Hamri bila chai ni kama harusi bila ngoma.

Kukaa nako kuna ujuzi. Mesi nyingi hapa hazina kuta pande mbili, na kunguru wa Malindi wanajua ratiba kuliko msimamizi. Ni wale kunguru wenye shingo ya kijivu, asili yao Bara Hindi. Hawagusi sahani ya mtu anayewatazama. Wanangoja ugeuke kuchukua kijiko. Ukienda kuongeza chai, funika sahani kwa sahani. Leso ya karatasi wanaifunua.

Ramadhani saa zote zinageuka. Daku linapakuliwa kuanzia saa 9 usiku na linafungwa kabla ya adhana ya alfajiri, wali au viazi vya nazi zaidi kuliko mahamri, maana kitu kitamu cha kukaangwa kinaleta kiu mchana. Asubuhi wanabaki wasiofunga, tuseme 60. Mahamri yao 180 yanakaangwa kwa dakika 36 tu, kwa hiyo hakuna ndoo, hakuna jasho, kila hamri ni la kikapu. Mbaazi ni sufuria ndogo, moto unatii. Yaani asiyefunga ndiye anayekula mahamri bora ya mwaka mzima. Ale ndani, asitoke na kikombe akipita nacho mbele za watu barazani.

Mwenye mafunzo ya nje, aliyepangiwa zahanati au shamba mpaka saa 8, asibebe mbaazi. Abebe mahamri manne na yai. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, na gazeti linaacha wino kwenye mafuta. Kitambaa safi kinatosha. Ukitumia kopo, yaache mahamri yapoe kwanza juu ya meza dakika kumi, kisha funga kifuniko nusu. Ukifunga kabisa yakiwa ya moto, utakuwa umetengeneza ndoo yako mwenyewe.